Kilima cha Kijani kwenye TV ya Mzee Athumani

Arobaini ya Mzee Athumani ilisomwa Jumamosi, nami nilipanda basi kutoka Dodoma siku moja kabla ili nisichelewe. Baada ya dua, watu walipokwisha kula pilau na kuanza kuaga, tulibaki sebuleni sisi wa karibu. Mjukuu wake mmoja, binti wa darasa la sita hivi, akachukua simu ya mama yake, akaigusa mara mbili tatu, na mara Mzee Athumani akatokea kwenye TV ya ukutani, mkubwa kama mlango, na kofia yake ya siku zote, anacheka. Nikauliza, "Waya uko wapi?" Watoto wakaangua kicheko. "Shangazi, waya wa nini tena?" Nikacheka nao kidogo, kisha nikatoka nje, nikasimama nyuma ya tangi la maji, nikalia mpaka kifua kikauma. Waliopita walinipa pole, wakidhani namlilia bosi wangu wa zamani. Mungu anisamehe. Mzee Athumani alikufa amekula chumvi nyingi, kitandani kwake, wanawe wamemzunguka, na nilikuwa nimekwisha kumlilia siku nilipopigiwa simu. Pale nyuma ya tangi nilikuwa nalilia waya.

Mjane wake, Mama Husna, yuko eda, hatoki. Alisikia, akaniita chumbani, akanikalisha kitandani kwake kama zamani nilipokuwa mfanyakazi wao. "Yasinta, unamlilia nani?" Nikasema namlilia Mzee. "Muongo mkubwa wewe. Unamlilia yule kijana." Akarekebisha kanga yake, akaniuliza swali ambalo hakuwahi kuniuliza kwa miaka yote ile. "Hebu niambie leo, mimi siku ile nilikuwa nimekwenda jikoni kuleta chai. Yule mama wa Mutuka alimwona mwanawe, au hakumwona?" Nikamjibu haraka, "Alimwona, Mama Husna." Akasema alhamdulillahi, akaegemea mto, akafumba macho. Nimerudi nyumbani kwangu na jibu lile limenikaa kooni kama mwiba wa samaki, ndiyo maana naandika.

Mwaka ule mkoa wetu ulikuwa bado mpya. Babati ilikuwa inajifunza kuwa makao makuu, na ilikuwa haijazoea, kama mtu aliyevaa koti la kaka yake. Kila wiki lilishuka gari la mizigo lenye vitanda na makabati ya watumishi waliohamishwa, na wenye nyumba wa mtaa wa Nakwa, waliokuwa wakipangisha wanafunzi na walimu, wakaanza kupaka rangi kuta na kuongea kwa madaha. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili na chumba kimoja hukohuko Nakwa, chenye dirisha lililotazama shamba la mahindi la mwenye nyumba, na kazi katika duka la picha la Mzee Athumani karibu na stendi. Lilikuwa duka refu na jembamba. Mbele tuliuza daftari na bahasha, katikati kulikuwa na pazia la bluu la kupigia picha za paspoti, na nyuma kabisa, kwenye meza yenye kitambaa cha kudarizi, ilikaa laptop. Wenzetu mjini walikuwa na kompyuta za mezani. Laptop tulikuwa nayo sisi na watu wa ofisi za mkoa. Mzee aliinunua Arusha ikiwa imeshatumika, nzito kama tofali la kuchoma, na kila asubuhi aliifuta vumbi mwenyewe kabla hajafuta kitu kingine chochote.

Mpiga picha wetu wa harusi aliitwa Paskali, kijana wa kijiji cha Mutuka, mrefu na mwembamba kama ufito. Mama Husna alikuwa akituletea chakula cha mchana dukani, wali na maharage, au ugali na perege wa ziwani, na kila siku alimwongezea Paskali sahani ya pili akisema, "Kula wewe, upepo utakubeba siku moja na kamera ya watu." Paskali alikula yote na hakunenepa hata ukucha. Alikuwa na utani mwingi na aibu nyingi kwa pamoja. Alinifundisha kuhamisha picha kutoka kwenye kanda za video kuingia kwenye laptop, kwa sababu kanda zilikuwa za kubahatisha na hatukuwa na uwezo wa kuziweka: harusi ikishaingia kwenye laptop, kanda ileile inarudi kwenye kamera, na harusi ya Jumamosi inayofuata inapita juu yake. Tulikaa bega kwa bega saa nzima tukiangalia watu wakila keki. Nilimpenda. Naliandika hivyohivyo bila kulizungusha, maana yeye sikuwahi kumwambia, nikingoja aanze yeye.

Alikuwa na jambo moja lililomla moyo. Baba yake alipofariki, Paskali aliachiwa dume la kulimia, na yeye akaliuza akanunua kamera. Mama yake alipoambiwa, alisimama mlangoni akamwambia, "Umeuza ng'ombe wa baba yako ukanunua jicho la kutazamia watu. Haya nenda, na nisikuone tena hapa." Paskali alinisimulia hayo akicheka, lakini alinisimulia mara tatu, na mtu hasimulii kichekesho mara tatu kwa mtu yuleyule. Tulipokuwa kwenye harusi moja Singe, mwezi wa kumi na moja, alinipa kamera niishike ili ale. Mimi kwa uchokozi nikamgeuzia. Akashtuka, kipande cha kuku mkononi. "Unanipiga mimi? Haya." Akajifuta mdomo, akakaa vizuri, akatazama moja kwa moja kwenye kamera. "Mama, shikamoo. Mama, unaniona? Mimi huyu hapa, nakula kuku wa watu. Krismasi nakuja, usinifungie mlango, sawa mama?" Kisha akaona haya, akanyoosha mkono kufunika kioo. Haikufika hata dakika moja. Kanda ilirekodiwa harusi nyingine, lakini kile kipande mimi nilikihifadhi kwenye laptop, ndani ya faili nililoliita Bahasha ili mtu asilifungue.

Krismasi hakwenda. Desemba ni mwezi wa harusi, na kila Jumamosi alikuwa anahitajika mahali. Alisema atakwenda Januari mambo yakitulia. Januari, akienda Katesh kupiga harusi, gari lililombeba lilipinduka, na kamera na kanda zikaenda pamoja naye. Jeneza lilifika Mutuka limepigiliwa misumari, na wazee wa ukoo wakasema halifunguliwi. Kwetu mtu huagwa kwa kuonwa uso. Unapanga mstari, unapita, unatazama, unaamini. Mama Paskali hakuonyeshwa chochote, akaweka kiganja juu ya mbao, akauliza, "Nitajuaje kuwa ni yeye?" Na picha? Mganga hajigangi. Kijana aliyepiga picha nusu ya wilaya, kwao ilikuwepo paspoti moja ya shule, imefifia, na mama yake alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Akishika ile picha alikuwa anapapasa karatasi tu. Alituambia vitu vikubwa bado anavitambua, mtu mlangoni, ng'ombe, rangi ya kanga. Vidogo ndivyo vilivyokwisha kumwacha.

Hapo ndipo mimi, kwa kiherehere changu, nikasema ninaye Paskali. Nikasema yuko kwenye laptop, anaongea, anamsalimia mama yake, na tukiunganisha na TV ya Mzee Athumani ataonekana mkubwa kabisa. Habari zikafika kwa wazee wa ukoo. Baba mkubwa wake, mzee mwenye sauti ndogo na fimbo kubwa, akaja dukani mwenyewe kuniuliza, "Binti, ni kweli uso wake unaonekana?" Nikasema ni kweli. Akafikiri. "Basi hiyo ndiyo itakuwa kumuaga. Siku ya kuanua matanga tutakuja. Ila sikiliza vizuri. Mama ndiye anayetangulia. Mtu mwingine asimtazame kabla yake, hata wewe. Umenielewa?" Nikasema, "Nimekuelewa, baba." Mzee Athumani, Mwislamu na swala zake tano, akasema sebule ni yake lakini msiba ni wetu sote, waje. Mashine ya kuchomea CD ilikuwa kwa fundi Arusha, na siku ya kuanua matanga ikishapangwa haisogezwi. Kwa hiyo ilikuwa waya au hakuna.

Waya tuliupata kwa muuza redio. Upande mmoja ulikuwa na kichwa cha duara chenye sindano nne kinachoingia ubavuni mwa laptop, upande wa pili pini ya njano ya kuingia kwenye TV. TV yenyewe spika yake ilikufa zamani, watu wa nyumba ile walizoea kutazama kulia na kusikia kushoto: TV pembeni mwa mlango, na sauti kutoka kwenye redio kubwa iliyokaa juu ya kabati, upande wa dirishani. Nikachukua waya mwingine mwembamba wa sauti, nikaupitisha chini ya zulia mpaka kwenye redio. Siku moja kabla, Mzee akaniuliza, "Umejaribu?" Nikasema nimejaribu. Na kweli nilijaribu. Nilichomeka, nikaona kwenye TV ile picha iliyokuja na kompyuta, kilima cha kijani na mbingu ya bluu yenye mawingu, kila kitu kilichokuwa kwenye laptop kikawa kwenye TV, hata mshale ukisogea. Nikazima. Ningejaribu kwa kucheza harusi yoyote ya mtu yeyote ningeligundua tatizo palepale. Lakini nani angewasha vigelegele na tarumbeta wakati Paskali hajamaliza wiki kaburini? Nyumba ile TV yenyewe ilifunikwa kitambaa tangu siku ya habari mbaya. Na Paskali mwenyewe nilikatazwa kumtazama kabla ya mama yake. Nilitii, nikajiona mwenye adabu sana.

Walikuja asubuhi, watu kama ishirini, wanaume wakavua kofia, wanawake wakakaa kwenye zulia. Mama Paskali aliwekwa kwenye kochi mbele ya TV. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomtarajia, na alinuka moshi na siagi. Nikafunua kitambaa, nikawasha. Kilima kikatokea. Akainama mbele, akanyoosha kidole. "Naona majani. Majani mengi ya kijani. Ni Mutuka?" Watu wakasema ehee, anaona, anaona. Baba mkubwa akaitikia kwa kichwa kunipa ruhusa. Nikafungua Bahasha, nikabonyeza.

Kwenye laptop, mbele yangu mimi, Paskali akatokea na kuku wake. Kwenye TV pakatokea boksi jeusi. Kilima pande zote, na katikati shimo jeusi la mstatili, na kutoka kwenye redio sauti yake, wazi kabisa, imejaa chumba kizima: "Mama, shikamoo. Mama, unaniona?"

"Sikuoni, baba," akasema Mama Paskali.

Nikarudisha mwanzo. Nikachomoa waya, nikachomeka. Nikabonyeza tena, na mara ya pili na ya tatu sauti ikauliza, "Mama, unaniona?" na boksi ni jeusi vilevile. Mwanamke mmoja nyuma akaanza kulia. Nikainua laptop nikampelekea Mama Paskali mapajani, nikamwambia, "Mama, tazama hapa, hapa yupo." Akaisogeza karibu na uso mpaka pua ikagusa kioo. Aliona mwanga, akasema, mwanga tu. Shangazi mmoja akasema kwa sauti ya chini ambayo wote tuliisikia, "Amekataa." Na Mama Paskali akanirudishia laptop kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani. "Msimsumbue. Nilimwambia nisikuone tena. Amenitii." Akainuka. Hakuna aliyegusa chai. Mzee Athumani aliwasindikiza mpaka barabarani, na mimi nilibaki nimekaa chini na waya mkononi. Sijawahi kujichukia vile, si kabla wala baada.

Wiki tatu baadaye akaja bwana mmoja wa ofisi za mkoa kuchapisha taarifa. Alikuwa mtu wa maneno mengi, mara "Mambo, dada?", mara mjini kwenu vumbi, na mimi nikamjibu poa bila kumtazama. Akaona ule waya wa njano mezani, akasema, "Mnaunganisha na TV? Video inagoma, siyo? Inatoka nyeusi?" Akacheka. "Laptop hizi haziwezi kuonyesha video pande mbili kwa mpigo. Ukiona huku, kule giza. Unashika hiki kitufe, unabonyeza na hiki chenye kijipicha cha TV, mara moja, mara mbili, mpaka kioo chako kizime. Wewe ukiwa huoni, ndipo kule wanaona." Akanionyesha kwa sekunde tano. Sekunde tano! Nilimshukuru, nikampa karatasi zake, nikaenda nyuma ya pazia la bluu nikauma kiganja changu.

Ningeweza kwenda Mutuka siku ileile. Sikwenda. Mzee Athumani aliniambia Jumapili, "Binti, nenda kamwambie yule mama." Nikasema mvua. Jumapili nyingine nikasema naumwa. Ukweli ni kwamba niliona aibu kumwambia mama mzima kwamba mwanawe hakumkatalia, kwamba ni mimi tu sikujua kitufe. Niliona heri adhani ni mbingu. Nilijidanganya kwamba ameshapoa, kwa nini nimtoneshe kidonda? Masika yakapita, mahindi chini ya dirisha langu yakabeba, yakakauka, yakavunwa. Miezi mitano nilikula, nikalala, nikapiga watu paspoti, na yeye miezi mitano mizima aliamini laana yake imeshika. Mtu akiniuliza dhambi yangu kubwa ni ipi, ndiyo hiyo, na sina ya kuikaribia.

Nilipokwenda hatimaye, nilimkuta uani anachambua maharage kwa vidole. Nikasema, "Shikamoo, mama." Akasema, "Marahaba. Ni nani?" Nilikuwa nimesimama mbele yake, hatua mbili, mchana wa jua kali, nimevaa gauni jekundu. Hapo ningepaswa kuelewa. Nilipiga magoti nikamwambia yote, waya, kitufe, na kuchelewa kwangu. Alisikiliza huku vidole vikiendelea na maharage. Akauliza kitu kimoja tu. "Kwa hiyo hakukataa?" Nikasema, "Hakukataa, mama. Ni mimi." Akafuta mikono kwenye kanga. "Basi nipeleke," akasema.

Tulikuwa watatu tu safari hii, yeye, mimi na Mama Husna. Nikamkalisha kwenye kochi lilelile. Mama Husna akaenda jikoni kuleta chai, akisema tusianze, kisha akasema anzeni tu, mama asingoje. Nikafungua Bahasha. Nikashika kitufe, nikabonyeza na kile cha pili, mara moja, mara mbili. Kioo changu kikazima. Na pale kwenye TV, pembeni mwa mlango, Paskali akatokea mzima, uso wake mkubwa kuliko nilivyowahi kuuona, mashavu yameingia ndani, mafuta ya kuku mdomoni, macho yanatazama moja kwa moja kwenye kochi. Nilitaka kupiga kelele. Nikageuka kumtazama mama yake.

Mama Paskali alikuwa ameipa TV mgongo. Alikuwa amegeuka kushoto, kuelekea dirishani, ameiinulia uso ile redio juu ya kabati ambako sauti ilikuwa inatoka, na anatabasamu.

"Mama, shikamoo. Mama, unaniona?"

"Marahaba, baba yangu," akaiambia redio. "Nakuona. Nakuona vizuri sana."

Sikumgeuza. Mpaka leo sijui kama nilifanya vema au vibaya, lakini mkono wangu ulikataa kumshika bega na kumwelekeza upande wa pili. Paskali akasema Krismasi nakuja, usinifungie mlango. Mama yake akasema, "Sikufungi." Kisha kipande kikaisha, Mama Husna akaingia na chai na maandazi, akamkuta mwenzake anafuta machozi na kucheka, akaangua kilio cha furaha, wakashikana mikono wanawake wale wawili. Wakanywa chai. Mimi nikakunja waya.

Jioni nilimsindikiza mpaka panapoanzia njia ya Mutuka, ambapo mtoto wa shemeji yake alikuwa anamngoja. Nilimshika mkono njia nzima nikimwambia hapa jiwe, hapa mtaro, na yeye hakujisumbua tena kujifanya kwamba anaviona. Karibu na kuachana alisimama, akaubana mkono wangu.

"Amenenepa kidogo, eh?" akasema. "Huko mjini mlimlisha vizuri."

Nilimkumbuka vile nilivyotoka kumwona, mbavu na mifupa, na yale mashavu.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Amenenepa."